Mgeni Nani Chunguni?

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na kwa mama aliyetoka Kitui miaka mingi iliyopita na sufuria yake. Magongo, mtaa ulio ubavuni mwa uwanja huo, wageni hawa hupishana kila siku. Mmoja ana haraka ya kufika Diani. Mwingine anachochea moto.

Mahali wanapokaribiana ni Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa 1963. Gari linasimama, twiga wa muhugu ananunuliwa, safari inaendelea. Ufundi huo nao una safari yake: anayetajwa kuuleta Wamunyu, Ukambani, ni Mutisya Munge, aliyerudi nao kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo twiga huyo ni kumbukumbu ya Mombasa, na hakuna anayemuuliza kwao wapi.

Chungu ndicho kinachoulizwa. Kwenye kibanda cha mabati huuzwa muthokoi ya Kikamba: mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi maganda yakatoka, yakachemshwa na mbaazi mpaka yakalegea. Mama wa kibanda hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akaikamua kwa kifumbu. Tui jepesi hutangulia. Tui zito hungoja moto upungue, lisije likakatika. Kwao Kitui hakufundishwa hilo. Kajifunza kwa majirani.

Watalii wanaotaka "chakula cha asili" hupelekwa vijijini, wakaketishwa mkekani, wakaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sina ugomvi na samaki wa kupaka, nisije nikanyimwa. Linalonitatiza ni hilo neno asili. Mahindi yalitoka Mexico, nasi tukayapa jina la Mhindi. Mbaazi, ambayo kweli kwao ni India, hatukuipa. Mnazi wenyewe uliletwa na bahari. Tafuta mwenyeji katika sufuria ile, humpati. Basi biriani, mgeni mwingine, ilipewa uraia lini, na nani? Na muthokoi ingoje hadi lini?

Wengine watasema ni suala la muda tu. Mimi naona ni suala la nani anayetazama. Chakula huitwa cha asili pale mpishi anapokuwa mbali kidogo na mjini, amevaa leso, na nyuma yake kuna mnazi. Mpishi wa Magongo nyuma yake kuna malori ya bandarini.

Juzi gari la watalii lilisimama pale kwenye ushirika. Abiria wakaingia kuchagua vinyago. Dereva akaja kibandani, akanawa mikono.

"Mama, muthokoi ipo?"

"Ipo, mwanangu. Ya nazi ama ya mafuta?"

Mzungu mmoja akafuata harufu, akauliza kinapikwa nini. Dereva akamjibu kwamba hicho ni chakula cha madereva, hakimo kwenye ratiba. Kisha akasogeza sahani, akaomba aongezewe tui.