Kilio cha Mkanda

Mercedes yenye maandishi ya Kompressor mgongoni ikianza kutoa mlio mwembamba chini ya boneti, mwenyewe hukimbilia kushuku kitu kimoja tu: supachaja. Ndicho kiungo ambacho gari la jirani halina, ndicho ghali, na ndicho watu walichomtisha nacho siku ya kununua. Ukifungua boneti, hata hivyo, washukiwa ni wengi. Katika C200 zenye injini ya silinda nne ya lita 1.8 iliyotoka mwaka 2002, mkanda mmoja mrefu huzungusha supachaja, alteneta, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC, ukipitia puli za kuuongoza na ile ya kuukaza. Kila puli ina beringi yake. Beringi mojawapo ikikauka grisi, au puli moja ikikaa upande kidogo, sauti inaweza kutoka kwenye mkanda, maana mkanda ndio unaosuguliwa. Mwenye kulia si lazima awe ndiye mgonjwa, na hili ndilo linalosahaulika pale mteja anapomwambia fundi, "Ninyamazishie hii kelele."

Supachaja huongeza uzito katika hesabu hii kwa sababu ya jinsi inavyofanya kazi. Tabo, ile iliyomo katika malori yanayopanga foleni Malaba, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Supachaja huchukua nguvu yake kwenye krenki yenyewe, kupitia mkanda, ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Wazo ni la zamani: akina Roots wa Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, kabla gari la petroli halijakuwepo, na Gottlieb Daimler akapeleka fikra hiyo kwenye injini mwaka 1885. Dereva akikanyaga mafuta, mzigo wa mkanda hupanda ghafla. Ikiwa beringi ya supachaja imeanza kukaza, mkanda huteleza na kupiga yowe. Utafunga mkanda mpya, nao utashika vizuri kwa muda kwa kuwa bado una meno makali, na kimya kitarudi. Beringi itaendelea kufa taratibu. Siku ikigoma kabisa, mkanda utakatika, na pampu ya maji itasimama nao. Injini ikichemka barabarani, gharama yake hailinganishwi na ya ile beringi.

Sasa tazama hali ya mpakani. Busia ni mji wa wapitaji, upande wa Kenya na upande wa Uganda vilevile, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Februari 2018 mpitaji ana haraka zaidi. Gari linaloingia gerejini asubuhi jioni liko Kampala au Kisumu. Fundi halioni tena. Hajui kama mlio ulirudi Bugiri au Bumala, na anayejua, yaani dereva, atamlalamikia fundi mwingine kabisa. Gereji ya kijijini Masinya, inayohudumia majirani, haina kinga hiyo. Kazi mbovu ya Jumatatu itapita mlangoni pake Ijumaa ikipiga kelele, na kijiji kizima kitasikia. Kwa hiyo sikubali kwamba fundi wa barabara kuu ni mvivu au mwizi kwa asili. Analipwa kwa kimya cha saa chache, naye anakiuza. Kipande cha sabuni kikipakwa kwenye mkanda hutosha. Funika kombe mwanaharamu apite, na hapa mwanaharamu ana nambari za usajili na safari ndefu mbele yake.

Kusaka chanzo chenyewe si uchawi wala hakuhitaji mitambo. Injini ikiwa inanguruma polepole, mikono na shati vikiwa mbali, unanyunyiza maji kidogo upande wa meno wa mkanda. Mlio ukikatika kisha ukarudi, shuku puli iliyokaa upande. Ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Kisha unazima, unautoa mkanda, na kuwasha tena kwa sekunde chache tu, kwa sababu sasa maji hayazunguki. Kama sauti bado ipo, mkanda na puli zake hazina kesi, tafuta ndani. Kama imetoweka, zungusha kila puli kwa kidole. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi: puli inayozunguka kwa wepesi, ikiendelea yenyewe huku ikitoa sauti kavu, ndiyo iliyokwisha grisi. Iliyo nzima huwa nzito kidogo, na husimama mapema.

Mtu atasema kwamba mkanda ni bei rahisi, basi kwa nini tusianze nao? Anza nao, mradi ujue kwamba umefanya jaribio na bado hujapata jibu, na mradi mteja aambiwe hivyo. Wengine watasema siku hizi kuna kompyuta ya kupima. Kompyuta husoma kile ambacho vihisi vimeiambia, na hakuna kihisi kinachosikiliza beringi ya puli. Gari linaweza kulia mwezi mzima bila taa hata moja kuwaka kwenye dashibodi.

Pingamizi zito ni la pesa. Saa nzima ya kusikiliza haionekani kwenye risiti, ilhali mkanda mpya unaonekana, unashikika, na ule wa zamani unaweza kurudishiwa mteja ndani ya mfuko. Mteja wetu hulipia chuma na mpira bila kinyongo, lakini akiambiwa alipie kufikiri anahisi ameibiwa. Nakiri hili haliondoki kwa mahubiri. Lakini magari yenyewe yatatulazimisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15, na Mercedes iliachana na supachaja katika injini hizi ikahamia tabo kufikia mwanzoni mwa muongo wa 2010. Kompressor zilizopo ndizo hizo, na kila beringi ndani yake imezeeka pamoja na nyenzake. Katika gari la namna hiyo kubadilisha spea kwa kubahatisha hakuna mwisho, kwa kuwa kila ukipapasa utapata kitu kilichochakaa kiasi cha kutosha kulaumiwa. Fundi anayeweza kusema ni kipi kati ya hivyo vyote kinacholiza mkanda leo, na kipi kinaweza kungoja, anastahili kutaja bei ya saa yake kabla hajagusa spana, na mwenye gari anastahili kuoneshwa hiyo puli mkononi, aizungushe mwenyewe.