Nyumba Iliyofagiwa



Tarehe 11 Juni 1963, mjini Jackson, Marekani, mganga James Hardy alimtia mgonjwa pafu la mtu aliyekufa. Mgonjwa yule aliishi siku 18 tu. Mwaka 1983, mjini Toronto, Kanada, mganga Joel Cooper na wenzake walimtia mgonjwa mwingine pafu, naye akaishi miaka. Tangu hapo wengi wamepata uzima kwa njia hiyo. Wavutaji tumbako huamriwa kuiacha miezi mingi kabla ya kupasuliwa. Lakini baadhi yao, wakiisha kupata pafu jipya, huirudia sigara kwa siri, hata waganga wakaigundua kwa kupima mkojo.

Tusiwacheke. Kwetu Fizi na Baraka upasuaji huo haupo, lakini jambo lenyewe tunalo. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa miezi 6, akapona, akarudi ziwani kuvua. Usiku, mtumbwini, katika baridi, mwenzake humnyoshea sigara: «Ndugu yangu, moja tu.» Naye huipokea.

Kwa nini? Pafu limepona, tamaa haijapona. Mganga hupasua kifua, hapasui mazoea. Katika Injili ya Matayo, sura ya 12, Bwana wetu alisema juu ya pepo mchafu aliyerudi, akaikuta nyumba imefagiwa lakini ni tupu, akaingia pamoja na wenzake 7 wabaya kupita yeye.

Ewe uliyeungama juzi, Kitubio kimeifagia roho yako. Je, umeijaza nini? Ijaze sala, kazi na Komunyo takatifu. Kimbia nafasi za dhambi, na kama ni mtumbwi ule, tafuta mwingine.

Ukianguka, usifiche. Amfichaye mganga sigara huliumiza pafu lake mwenyewe. Amfichaye padre dhambi huiumiza roho yake. Inuka upesi, ukaseme kweli. Nasi majirani, tusimnyoshee sigara mtu aliyepona, wala tusimdharau aliyeanguka, kwa maana tumbako ni kamba ngumu, na aliyefungwa huhitaji mkono wa mwenzake.

Pafu lile lilitoka kwa mtu aliyekufa. Uzima wetu nao watoka kwake Yeye aliyekufa Msalabani. Tuutunze basi kama watu wanaoijua bei yake.

Tumsifu Yesu Kristo.