Kidole cha Ngamia Kumi

Katika karakana moja ya Mombasa, upande wa Changamwe, nilipata kusimama asubuhi moja nikimtazama fundi mtu mzima akiunga mabomba mawili ya chuma kisichoshika kutu, mabomba membamba ya kupitishia maziwa, ambayo kwa sababu hiyo hayakutakiwa kuwa na ufa wala kinundu ndani yake ambamo uchafu ungepata maficho. Kabla ya kuwasha moto alivaa glovu za ngozi ya mbuzi, laini kama kitambaa; kisha juu ya glovu ya mkono wa kulia akavivisha vidole viwili vya mwisho kifuko kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, akakivuta taratibu hata kikakaa sawasawa, mfano wa mtu amvishaye mtoto soksi. Kijana mmoja aliyekuwa akishusha vyuma mlangoni alicheka, akasema, "Mzee, na wewe waogopa moto? Kilichoandikwa hakifutiki." Mzee hakuinua uso. "Na soksi hii nayo imeandikwa, mwanangu," akajibu, akashusha barakoa yake, akaanza kazi.

Jibu lile lilinifuata hata nyumbani, kwa kuwa swali la kijana, ingawa lilitoka kwa mzaha, ni swali kongwe: je, mtu ajikingaye na dhara amepunguza tawakali yake kwa Mola wake?

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Uchomeleaji wa namna ile, ambao mafundi huuita TIG, ulikuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya metali nyepesi za ndege, na adabu yake ni ngumu. Mkono wa kulia hushika tochi yenye sindano ya tungsteni, wa kushoto hulisha waya, na baina ya ncha ya sindano na chuma kinachoyeyuka haibaki nafasi ila ya milimita mbili tatu, huku gesi ya argoni ikipulizwa ili hewa isipaguse pale palipoiva. Sindano ikigusa chuma kilichoyeyuka huchafuka, na fundi hana budi kuacha kazi akainoe upya. Mkono unaoning'inia hauwezi kuitunza nafasi ndogo kama ile. Sharti upate pa kuegemea, na pa kuegemea penyewe aghalabu ni bomba lilelile lililo motoni. Chuma kile huyeyuka karibu na nyuzi 1,400. Ngozi ya mwanadamu huanza kudhurika kwa nyuzi 44 joto likidumu, na likifika 60 sekunde chache zatosha. Baina ya hesabu hizo mbili, siku ile, palikuwa na kipande cha bomba kisichozidi kiganja, na juu yake vidole viwili vya mzee.

Wanazuoni hawakuzingoja zama zetu ili walijibu swali la kijana. Khalifa Umar bin al-Khattab, akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari ya tauni iliyozuka huko, akashauriana na watu wake, akaazimia kurudi Madina; na Abu Ubaida, swahaba mwenye cheo kikubwa, alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari na kuingia katika kadari. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, alikwenda mbali zaidi: mwenye njaa aliyeandaliwa chakula, akakataa kuunyosha mkono kwa madai kwamba ametawakali, alimhesabu kuwa ni mwenye wazimu. Mfano huu wanipendeza kwa kuwa nao ni wa mkono.

Lakini insafu yanilazimu kuitaja sehemu ya kisa ambayo wasimuliaji huiruka. Abu Ubaida alibaki na jeshi lake, na tauni ileile ikamwua mwaka wa 18 wa Hijra, wala sijasikia mwanachuoni aliyemwita mpumbavu. Alibaki kwa ajili ya watu aliowekewa amana. Fundi anayeonyesha makovu yake barazani kama nishani, akijigamba kwamba hajavaa glovu tangu ujana, hawezi kujificha nyuma ya swahaba yule, maana makovu yake hayakumwokoa mtu.

Kuna pia ghururi ya upande wa pili, ya kutaka kinga isiyopitisha chochote. Mwanagenzi wa mzee yule alidhani mwalimu wake angefaidika na glovu nene za ngozi ya ng'ombe, kama wavaazo wachomeleaji wa mageti. Akazijaribu, na waya wa milimita 1.6 ukamponyoka kila alipotaka kuusogeza. Nilimwuliza mzee baada ya kazi kama glovu zake nyembamba hazimwunguzi. "Zaniuma, kwa nini zisiniume? Zikianza kuuma najua bomba limezidi moto; naliacha lipoe." Na kweli chuma kile kikizidi moto hugeuka rangi, kikawa cha kijivu kisha cheusi, na hupoteza uwezo wake wa kuikataa kutu. Basi maumivu yale machache yaliyoachiwa njia yalikuwa yakimlinda mzee na kuyalinda maziwa ya watu asiowajua. Hapo ndipo niionapo tawakali yake: katika unene wa ngozi ya mbuzi, baada ya kuziba palipozibika.

Linaloniudhi ni jingine. Nimepata kumsikia mwenye karakana, nisiyetaka kumtaja, akimfariji kijana aliyeungua kiganja kwa sababu alipewa glovu iliyolowa, nayo maji yakageuka mvuke ndani yake. Akamwambia kwamba ni ajali ya Mungu, avumilie. Ubahili ulivikwa kanzu ya kadari mbele ya macho yangu, na kijana akaitikia amina. Fikihi haikuwa na upole huo. Fidia ya kidole kilichokatwa na mtu ilikadiriwa ngamia 10, na kidole cha mwisho hakikupunguziwa hata ngamia mmoja chini ya gumba. Soksi ya nyuzi za kioo haifiki thamani ya unyayo wa ngamia.

Wewe mwenye karakana usomaye haya, kesho asubuhi mwite mwanagenzi wako kabla hajawasha moto, uzitazame glovu zake ndani na nje. Zikiwa zimetoboka au zimelowa, mnunulie nyingine kwanza, kisha ndipo umwombee dua.