Nani Humchagua Rafiki wa Vita?

Agosti 1914, habari kwamba Uingereza na Ujerumani zimeingia vitani zilimfikia nahodha Rhoades wa meli ya Gwendolen, upande wa Nyasaland. Alivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, akaikuta meli ya Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Nahodha wa meli ile, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Vita hakuwa amevisikia. Akapiga makasia kwenda kumuuliza mwenziwe kama amelewa, naye akatekwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Kwetu Mbuji, milimani juu ya ziwa hilo, kina uchungu wake. Uadui wa Rhoades na Berndt uliamuliwa London na Berlin, na watu wa Liuli walioshtuliwa na mizinga hawakuulizwa lolote. Na anayekuchagulia adui hukuchagulia mwenza pia. Ndipo ninapojiuliza: mtu aliyechaguliwa na wengine kuwa mwenzako vitani, ni mwenzako kwa maana gani?

Jibu jepesi ni kusimama peke yako. Wazee wetu wa Umatengo walilijaribu. Karne ya 19, walipoandamwa na Wangoni, walijibana milimani, na kwenye miteremko mikali wakalima kwa ngolo, mashimo yanayozuia mvua isiporomoshe udongo. Ni kazi ya akili kubwa, lakini ni akili ya watu waliokosa nafasi. Asiye na mwenza hulipa kwa njia nyingine.

Jibu la pili alilitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1964. Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi, naye akalazimika kuomba msaada wa Waingereza, wakoloni wa juzi tu. Makomando wao walitua Dar es Salaam tarehe 25 na maasi yakazimwa. Alilofanya baadaye ndilo linalonifikirisha. Hakuacha msaada ule ugeuke ukaazi: nafasi yao ilichukuliwa na kikosi kutoka Nigeria, huku jeshi jipya, JWTZ, likiundwa Septemba mwaka huohuo. Naye aliendelea kusisitiza kwamba marafiki wa Tanzania hawataruhusiwa kuichagulia maadui. Ujerumani Magharibi ilipoitumia misaada yake kuishinikiza nchi kwa sababu ya Ujerumani Mashariki kuwapo Zanzibar, Mwalimu aliona heri kuikosa misaada hiyo.

Swali limerudi, safari hii ng'ambo ya mto Ruvuma. Tangu Oktoba 2017, watu wenye silaha wanaojiita wapiganaji wa dini wameuchoma mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Oktoba 2020 walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Msumbiji ilikwisha kujaribu mamluki wa Wagner kutoka Urusi, kisha wa kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group. Julai 2021 yakaingia majeshi ya Rwanda, na baada yake kikosi cha SADC ambacho Tanzania ilishiriki.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini fimbo iliyotoka Kigali ilisaidia kuurejesha mji wa Mocímboa da Praia mwezi mmoja tu baadaye. Ukweli huo haufai kufichwa kwa sababu ya mapenzi yetu kwa ujirani. Hata hivyo mashambulizi hayakukoma, na kikosi cha SADC kilipoondoka mwaka 2024, nyoka alikuwa bado hai.

Nadhani sababu ni hii. Anayetoka mbali hukuta adui ameshapewa jina: gaidi, tawi la kundi la kimataifa. Jina hilo si la uongo, ila halimalizi habari. Haliwataji vijana waliofukuzwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez, wala wanaoiona gesi ya pwani yao ikipangiwa mikataba huku wao wakikosa kazi. Wala halisemi kwamba baadhi ya waliojiunga walitoka upande wetu wa mto. Ukikubali jina pekee, dawa itakuwa risasi pekee, na atakayezika wafu ni jirani.

Mtu atasema: kijiji kinapowaka, nani ana muda wa kubishana kuhusu majina? Ni kweli. Mwalimu naye hakubishana wakati wa maasi; aliita aliyekuwa karibu na mwenye uwezo. Dharura humruhusu mtu kumwita yeyote. Haimruhusu kumkabidhi mgeni kazi ya kuamua nani ni adui, wala kumwacha akae bila tarehe ya kuondoka.

Kuchukia mtu mmoja hakuwafanyi wawili kuwa washirika. Kunawafanya tu waelekeze bunduki upande mmoja. Mshirika wa kweli ni yule unayeweza kumwambia, «Huyu unayempiga si adui yangu, ni mtoto wangu aliyepotea,» naye akabaki kukusikiliza. Serikali isiyoweza kumwambia rafiki yake maneno hayo bado haijachagua rafiki. Imechaguliwa.