Suti ya Sufu Katika Jua

Twauliza: mtu avaapo suti ya sufu, na fulana ndani yake, na tai shingoni, katika joto la Februari huko Dar es Salaam, anamheshimu nani? Wengi watajibu upesi kwamba anaiheshimu shughuli aliyoitwa. Jibu hili si la kudharauliwa. Aendaye arusini na nguo za kulimia huwavunja moyo wenyeji wake, hata kama hakukusudia.

Lakini yatupasa kutazama na upande wa pili. Sufu ni nguo ya nchi za baridi. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke. Na hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hata jasho halikauki upesi, wala halipozi mwili ipasavyo. Tena aliyejifunga hivyo hachukui taabu peke yake. Tazameni msibani. Watu wameketi jamvini, vijana wanachimba kaburi kwa zamu, naye bwana huyu afika. Kuketi chini hawezi, maana suruali itakunjamana. Yabidi kiti kitafutwe kwa jirani. Kushika jembe hawezi. Wazee husogezwa ili apate kivuli. Mfiwa, ambaye siku hiyo ndiye wa kutumikiwa, sasa anamtumikia mgeni. (Wala tusimcheke, huenda suti hiyo ndiyo nguo yake pekee isiyo na kiraka.)

Lililo gumu zaidi ni hofu. Karani mdogo hathubutu kuvua koti mbele ya mkubwa wake aliyevaa lake. Serikali ya Japani ililitambua jambo hili mwaka 2005. Ilipotaka kupunguza umeme wa kupoza ofisi, ikashauri joto la ndani liachwe lifike digrii 28, haikuwaambia makarani tu waache tai. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi na mawaziri wake walitokea wenyewe bila tai. Hapo mdogo alipata ruhusa ambayo tangazo tupu lisingempa.

Nasi walimu tumo katika hesabu hiyo, maana kijijini mavazi yetu hutazamwa sana. Mwalimu akija msibani na shati safi la pamba, mzazi asiye na koti hataona haya kuketi karibu naye. Na aliyekwisha kuja na koti, alivue, alikunje, aliweke kando ya jamvi, kisha aulize zamu ya jembe imemfikia nani.