"Ajali Haina Kinga"

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, leo tunawaletea khabari iliyotokea mlangoni petu hapa Isiolo, na kwa yakini yatokea mlangoni penu pia. Kwani asiyechimba kisima kama watu wa huku huchimba mawe, au hupakua meli, au hupanda jukwaa la mjengo.

Ilikuwa baada ya mvua. Kijana mmoja, kibarua wa kuchimba visima, alikuwa amekwisha teremka kiasi cha futi 30 katika kisima cha tajiri mmoja nje kidogo ya mji. Udongo wa huku si kama mawe yenu ya matumbawe, ambayo mtu akiyachonga husimama wima kama ukuta wa msikiti. Mahali pengi huku ni mchanga na kokoto, na ukiingiwa na maji haushikani. Asubuhi ile kijana alipanda juu akamwambia mwenye kazi kuwa upande mmoja wa shimo unalia, yaani unatoa maji na kudondosha changarawe. Akaomba mbao za kuuzuia, au siku mbili za kungoja ukauke. Mwenye kazi akamjibu, "Mtegemee Mungu, mwanangu. Ajali haina kinga." Kijana akashuka. Kabla ya adhuhuri upande ule ukaporomoka ukamfukia hata kifuani. Alitolewa yu hai, walakini mguu wake wa kulia haukuweza kuokolewa.

Siku ya tatu tajiri alikuja kumzuru. Alileta unga, sukari, na shilingi 5,000. Akaomba dua ndefu, akasema yote ni kudra ya Mola. Mama wa kijana alipokea kwa mikono miwili, na sisi tuliokuwapo tukamwombea tajiri yule malipo mema. Nami nilikuwa katika walioitikia Amin. Alipokwisha ondoka kijana akaniuliza, "Maalim, hii aliyoleta ni sadaka au ni haki yangu?" Nikanyamaza. Niliona haya kusema siku ile, na haya niandikayo leo ndiyo jawabu yake.

Tuanze na lile neno lenyewe, maana ndilo lililomrudisha kijana shimoni. Sisi Waswahili tumelichukua neno ajali katika lugha ya Kiarabu, na huko ajal ni muda uliowekwa, ule mwisho wa umri ambao Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura Al Imran, aya ya 145, kuwa nafsi haifi ila kwa idhini yake na kwa muda ulioandikwa. Ajali hiyo haina kinga, na asiyeamini hayo imani yake ina kasoro. Kisha ndimi zetu zikalihamisha neno, likawa ni jina la gari lililopinduka, na kidole kilichokatwa na msumeno, na kisima kilichoporomoka. Neno likahama, na methali ikalifuata! Tukawa twasema juu ya ubao usiopigwa msumari maneno yaliyostahiki kusemwa juu ya Malaika wa mauti.

Na lau maana ya kumtegemea Mungu ingekuwa ni kuacha hadhari, basi wa kwanza kuiacha angalikuwa Mtume, salla Llahu alayhi wasallam. Tazameni Sura An-Nisaa, aya ya 102: yeye mwenyewe ndiye imamu, na maamuma ni sahaba zake, nao wameamrishwa wagawanyike makundi mawili na washike silaha zao na hadhari yao wakiwa ndani ya sala. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapewa khabari ya tauni, aliamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mbao za kuzuia udongo nazo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kamba kiunoni ni kadari yake, na mtu wa kuangalia juu ya shimo ni kadari yake.

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni ya wakaguzi wa Serikali, na kuwa vitabu vyetu havina habari nayo. Husema hivyo kwa kuwa hawakufungua mlango wa adabu katika vitabu vya Hadithi. Mtume alikataza mtu asipewe upanga uliochomolewa alani. Alimwamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kwani panya huweza kuivuta tambi akaunguza nyumba na wenyewe. Na alieleza kuwa alalaye usiku juu ya sakafu ya dari isiyo ukingo amejitoa mwenyewe katika dhima. Upanga, mishale, moto, na kuanguka kutoka juu: sijui fundi wa leo ana khatari ipi ambayo haikuguswa humo.

Nenda machinjioni kwetu alfajiri utazame. Kisu kikali humtoka mchinjaji kikampita mwenziwe kwa kurushwa, na sakafu imelowa damu, na miguu ina ndara. Hadithi ya upanga wanaisikia mwezi wa Ramadhani, kisha asubuhi hawamtambui upanga akiwa na mpini wa mbao! Na damu yenyewe ina khabari yake. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kaskazini mashariki ya nchi hii mwaka 2006 na 2007, na ilipofika katika wilaya za Isiolo mwishoni mwa mwaka 2020, waliokuwa katika khatari kubwa ni wachungaji na wachinjaji, kwa kuwa ugonjwa ule huingia kwa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Glavu, na viatu vya mpira, na kumkataa mnyama asiyekaguliwa, havimpunguzii mtu tawakkul yake hata chembe. Na wale vijana wanaosafiri juu ya mbao za malori ya mifugo katika njia ya Moyale, ng'ombe chini yao na lami inakimbia, hao nao wana wenye magari wanaowaona kila safari na kunyamaza.

Lakini turudi kisimani, maana huko ndiko watu wetu wanakozikwa mara mbili. Mchanga utokao shimoni usirundikwe mdomoni mwa shimo, kwani uzito wake ndio usukumao ukuta. Udongo laini uzuiwe kwa mbao au kwa pete za zege kadiri mtu anavyoshuka, asingoje mpaka amefika chini. Baada ya mvua kazi isimame. Mchimbaji awe na kamba mwilini, na juu wawe watu wawili wasioondoka, hata kwa chai. Mashine ya kuvuta maji inayokwenda kwa petroli haiteremshwi kisimani abadan, kwani moshi wake huua bila ya kunuka sana. Wazee walikuwa wakiteremsha taa kwanza, ikizimika hawashuki. Hilo ni jema, walakini halitoshi, kwani taa huweza kuwaka na moshi ule wa petroli ukawapo. Na mwenzio akizimia chini usiruke kumfuata. Huruma hiyo ndiyo itoayo majeneza mawili katika shimo moja. Mwezi wa Mei mwaka 2024 machimbo ya dhahabu ya Hillo, huko Dabel katika Marsabit, yaliporomoka wakafa watu watano, na kabla ya hapo vijana kutoka pande nyingi walikuwa wakipita hapa kwetu kwenda kuitafuta riziki ile.

Sasa tuje kwenye swali la kijana. Mmoja katika jamaa za tajiri, naye ni mtu aliyesoma, alituletea hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa aliyeangamia kisimani hana dia, na aliyeangamia machimboni hana dia. Hadithi ni sahihi, hatuna neno juu yake. Na Imamu Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, ameieleza hivi: mtu akichimba katika milki yake au katika nyika, akapita mpitaji akatumbukia, au akaajiri watu wakaporomokewa, basi hana dhamana. Bwana yule alisoma mpaka hapo akafunga kitabu. Lau angaliendelea kidogo angalikuta kuwa mtu akichimba katika njia ya Waislamu, au katika milki ya mwingine pasi na idhini yake, akafa mtu humo, basi dia ni juu ya jamaa za mchimbaji, na kafara ni katika mali yake mwenyewe. Kisima ni kimoja na mauti ni mamoja, na hukumu zimekuwa mbili. Kilichozitenganisha ni kuvuka mpaka.

Basi twauliza: aliyeambiwa kwa ulimi kuwa ukuta unalia, akaombwa mbao asitoe, akaombwa siku mbili asizikubali, akamrudisha mtu chini naye anajua kuwa mtu yule ana njaa na hawezi kukataa, je, huyu hakuvuka mpaka? Tabibu asiyejua utabibu akimdhuru mtu, Mtume amemweka katika dhamana, ijapokuwa nia yake ilikuwa kuponya. Na aliyeua kwa kukosea, asiyekusudia kabisa, Mwenyezi Mungu amemwajibisha dia na kafara katika Sura An-Nisaa, aya ya 92. Kosa lile nalo lilikuwa kwa kudra! Hapana jani lianguukalo bila ya kudra. Na Mola aliyelikadiria ndiye yeye aliyeifanya dia kuwa deni. Basi mwenye kusema "kudra" ili aepuke kulipa amemtwika Mwenyezi Mungu deni lake yeye.

Na hata asiyekubali hoja hii ya dhamana, kuna hoja ya mkataba. Waislamu wafungwa na masharti yao, na katika kanuni za mafakihi jambo lililo maarufu kwa watu ni kama lililoshurutishwa. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo. Anayemwajiri mtu leo amemwajiri chini ya hizo. Ya kwanza yamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake khatari kubwa aionayo, wala haijuzu kumrudisha mahali pale mpaka khatari iondolewe, na haijuzu kumfukuza kwa kuwa alisema. Ya pili yamlazimu mwajiri awawekee bima watu wake, na aipeleke khabari ya jeraha kwa mkurugenzi wa kazi hiyo katika siku 7 tangu kujulishwa. Majeruhi naye ana miezi 12 ya kudai. Aliyefariki, au aliyelemaa ulemavu wa kutoweza kazi kabisa, hulipwa ujira wa miezi 96, na aliyepoteza kiungo hupimwa sehemu yake kwa jedwali. Miezi 96 ni miaka minane ya unga, na tajiri alileta unga wa wiki mbili.

Mwenye shaka na bima kwa ajili ya riba na gharari, hatumlaumu kwa shaka yake. Kampuni ya takaful imekuwako Kenya tangu mwaka 2011, akaitazame. Shaka ya bima haimvui mtu deni la mguu.

Nanyi vijana, msidhani kuwa maneno yote ni juu ya matajiri. Wako waliopewa kofia ngumu wakaigeuza ndoo ya mchanga, na waliopewa miwani ya kuchomelea wakaitundika msumarini kwa kuona haya kuchekwa. Roho si mali yako ukaichezea kwa kuwafurahisha wenzio. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo. Na mama wanaofukiza vyombo vya maziwa ya ngamia katika chumba kisicho dirisha wafanye kazi ile uani, kifua nacho ni kiungo.

Tangu sasa kila Alkhamisi baada ya sala ya Isha darsa yetu itasoma sheria hizi mbili kwa Kiswahili, fungu kwa fungu, pamoja na mlango wa ijara katika fikihi. Mafundi na vibarua waje kwa nguo zao za kazi, wasingoje kuoga. Wenye kazi nao waje.

Ama kijana wetu, miezi minne imekwisha pita na minane imesalia. Karatasi za daktari ziko kwa katibu wa darsa. Nimekwenda kwake nikamwambia niliyopasa kumwambia siku ya tatu, kuwa ile ilikuwa sadaka na haki yake bado haijaja. Ijumaa iliyopita tajiri alinisimamisha kwenye ngazi za msikiti akaniuliza hesabu ya miezi hufanywaje, ikiwa mtu alikuwa akilipwa kwa siku. Tumemwambia alete daftari lake.