Bakuli Likiwa Jikoni

Kwetu msahafu hukaa juu kuliko kitu chochote chumbani, wala haushikwi bila udhu. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico na Arizona huko Marekani, swali moja lilinikaa moyoni: je, chombo cha kukandia unga chaweza kuwa kitakatifu huku kikitumika kila siku?

Kwa desturi yao, mfinyanzi hachoti udongo kabla ya kuuomba. Hutoa sadaka ya unga wa mahindi na kusema na Mama Udongo, kwani wanaamini ana uhai. Gurudumu hana. Huviringisha udongo kama kamba, akauzungusha duru juu ya duru, akakwangua kuta kwa kipande cha kibuyu, akazisugua kwa jiwe laini, kisha akalichoma bakuli nje kwa samadi kavu. Baada ya hapo ni kazi. Wapueblo wa kijiji cha Santo Domingo walifinyanga mabakuli makubwa ya kukandia unga wa mkate. Wa vijiji vya Taos na Picuris, ambako udongo una chembe za ulanga, vyungu vya maharage.

Likivunjika? Katika vijiji vya Acoma na Zuni, vigae vikuukuu husagwa na kuchanganywa na udongo mpya ili usipasuke motoni. Hiyo ni sababu ya kiufundi, lakini mimi naona ndani yake jibu la swali langu. Bakuli la bibi limo katika bakuli la mjukuu, na limeingia humo kwa sababu lilitumika hadi likavunjika.

Reli ilifika mji wa Albuquerque, New Mexico, mwaka 1880, ikaleta vyombo rahisi vya kiwandani pamoja na watalii. Mabakuli mengi yakahama jikoni, yakaenda kwenye rafu za wanunuzi. Siwalaumu wafinyanzi, maana biashara hiyo iliwalisha watoto. Ila bakuli lililofungiwa kabatini halivunjiki, na lisipovunjika halizai jingine.

Mimi ni Mwislamu. Siuombi udongo, namwomba aliyeuumba, akamuumba Adamu kutokana nao. Hata hivyo wafinyanzi hao wamenifunza adabu ya kuomba kabla ya kuchukua. Hata msahafu huwekwa juu ili ushushwe, usomwe. Kitu hutukuzwa kwa namna kinavyotumiwa. Basi, msomaji wangu, kesho ukishika bakuli la uji, sema bismillahi kwa moyo wote.